Riwaya ya kijasusi haina kava, peji 32 hazipo, na ndani imeandikwa ni mali ya wizi: nikichome?

"Shikamoo fundi. Mi naishi Tukuyu, mwezi uliopita nilishuka Mbeya nikapita Mwanjelwa kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, nikachukua riwaya moja ya Kiingereza ya kijasusi kwa elfu mbili. Ni ya Marekani, ndani imeandikwa 1975, inahusu mhasibu wa serikali anayegundua hela zinaenda kwenye ofisi ambayo haipo. Tamu hatari. Shida sasa, haina kava la mbele, na peji za mwanzo kuna maneno yanasema ukinunua kitabu hiki bila kava ujue ni mali ya wizi. Nikapuuza nikasoma. Nimefika peji ya 192, pale pale jamaa anafungua faili, peji inayofuata ni 225! Halafu kuna maneno yamepigiwa mstari kwa penseli. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anasema hicho kitabu kilipigwa marufuku, kava lilichanwa makusudi na peji wametoa watu wa usalama, ananiambia nikichome. Mwingine kasema cha 1975 ni cha zamani, kinaweza kuwa na hela nyingi nisikichezee. Kimeanza kunuka pia, kina madoa ya kijivu, na nina mtoto wa miaka mitano ana pumu. Nilitaka kukianika juani. Nifanyaje? Na naweza kukamatwa?"

Marahaba mwanangu, na kamwene juu yake, maana mi Mhehe wa Iringa hata nikikaa Mbeya miaka mia salamu yangu ni ile ile. Kazi yangu ni kubaindi. Nilianza na vitabu vya kwaya vilivyoachia na madaftari ya hesabu za maduka, siku hizi zaidi ni ripoti za wanafunzi wa vyuo, na katikati hapo vitabu vya mtumba vimepita mikononi mwangu mpaka nimeacha kuhesabu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kazi na ya pili kwa raha zangu, yani umenunua riwaya ya njama halafu kitabu chenyewe kimegeuka njama sebuleni kwako.

Kabla sijaenda mbali, hicho kitabu kitoe chumba anacholala mtoto, leo hii. Kitie kwenye bahasha ya kaki au kifunge na gazeti, kiweke barazani sehemu isiyofikiwa na mvua, halafu rudi uendelee kusoma. Sababu nitaieleza huko chini.

Haya, hilo neno wizi. Wengi wakiliona wanadhani ni kama muhuri, kwamba kuna mtu alikikamata kitabu chako akakiandikia. Hapana, hayo maneno yalichapwa kiwandani siku kitabu kinazaliwa na yamo kwenye kila kopi ya chapa ile, hata zile zilizouzwa dukani kihalali kava linang'aa. Ni onyo la mchapishaji kwa mnunuzi, na utalikuta sana kwenye vile vitabu vidogo vya Kimarekani vya miaka ya 80 na 90, vya kuingia mfuko wa koti. Kwa kifupi linasema, ukikiona kitabu hiki kinauzwa bila kava jua kwamba kilisharipotiwa kwa mchapishaji kuwa hakikuuzwa na kimeharibiwa, na mwandishi hajalipwa kitu wala mchapishaji.

Kwanini mtu aripoti kitabu kimeharibiwa wakati kipo? Hapo ni biashara. Vitabu vya kava laini vya bei ya chini vilishika kasi Marekani kuanzia 1939, kimoja senti 25, na vingi havikupita maduka ya vitabu, vilipita njia za magazeti, yani stesheni, duka la dawa, kioski cha kona. Na desturi ya njia hizo ni kwamba usichouza unarudisha, unarudishiwa hela yako. Sasa piga hesabu ya nauli ya kurudisha boksi la vitabu vya senti 25 kutoka mji wa mbali, nauli inakula mzigo. Wakakubaliana, usirudishe kitabu, chana kava utume kava peke yake kama ushahidi, kilichobaki kaharibu mwenyewe. Ni kama promosheni za soda, kampuni inataka kizibo, chupa haina shida nayo.

Binadamu sasa. Umeachiwa maboksi ya riwaya nzima nzima, haijapungua herufi, unaambiwa katupe. Wako waliotupa, wako waliouza pembeni kwa bei ya bure, wengine wakagawa, na boksi likishaingia kwenye mtumba ndo basi, linazunguka bandari kwa bandari hadi linafunguliwa Mwanjelwa na kijana ambae hata yeye hajui kilichoandikwa ndani, anajua tu vinene elfu tatu vyembamba elfu mbili.

Ila usikubali haraka kwamba chako ni cha namna hiyo, kipime kwanza. Kishike mgongo ukuangalie wewe. Kava lililochanwa dukani linaacha mstari ulionyooka pale mgongo unapokutana na uso wa kitabu, kama mtu kachana kwa rula, na mgongo wenye jina la kitabu mara nyingi umebaki na kava la nyuma limebaki. Kava lililotoka kwa uchovu linaacha vipande, pembe pembe, nyuzi nyuzi za karatasi kwenye gundi. Halafu angalia ile peji ya kwanza kabisa. Ikiwa kahawia na chafu kuliko wenzake wa ndani maana yake imekaa uchi miaka mingi. Ikiwa safi safi, kava limetoka juzi tu, labda ndani ya gunia la huyo huyo kijana, na hakuna wizi wowote hapo.

Kukamatwa, sioni. Mi si wakili, ila kosa la kupokea mali ya wizi linasimama pale unapoipokea huku unajua au una sababu ya kuamini kwamba imeibiwa, na wewe umenunua mchana kweupe sokoni, onyo umelisoma umeshafika nyumbani. Ungeniambia umepata maboksi ishirini ya vitabu visivyo na kava na unataka kufungua duka hapo Tukuyu, ningekwambia simama, katafute wakili kwanza. Kitabu kimoja cha kusoma usiku, lala usingizi. Kinachobaki ni mwandishi, huyo kweli inawezekana alidhulumiwa. Kwa mtumba wowote mwandishi halipwi mara ya pili, ila kwa chako kama kweli ni cha kuchanwa basi hata ile mara ya kwanza hakulipwa, na mimi hilo huwa linanikera kuliko neno wizi lenyewe.

Tuje kwenye peji, na hapa nakaa kidogo maana ndo nyumbani kwangu.

Umesema 192 inafuatiwa na 225. Kwaiyo zilizokosekana ni kuanzia 193 hadi 224. Zihesabu, ni 32 kamili. Sasa chukua 192 ugawanye kwa 32, unapata 6, hakuna kinachobaki. Nilipoona hizo namba nilicheka peke yangu hapa kibandani mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Iko hivi, kitabu hakichapwi peji moja moja kama unavyofanya stationary. Kinachapwa kwenye karatasi kubwa, upande mmoja peji 16 upande wa pili peji 16, zimepangwa kwa mpangilio ambao ukiuona utasema huyu mtu amelewa, nyingine kichwa chini nyingine juu. Kisha karatasi inakunjwa. Chukua karatasi yoyote hapo ulipo ujaribu, kunja mara moja unapata peji 4, mara mbili 8, mara tatu 16, mara nne 32. Huo mkunjo mmoja ni kama kitabu kidogo ndani ya kitabu. Mkunjo wa kwanza una peji 1 hadi 32, wa pili 33 hadi 64, twende hivo hivo, wa sita unaishia 192, na wa saba ni 193 hadi 224. Umeona? Kwako haukukosekana ukurasa wa siri, umekosekana mkunjo wa saba, mzima mzima, kama tofali moja kwenye ukuta.

Na tofali hilo linakosekana wapi, kiwandani. Mikunjo inapangwa kwenye mashine, kila mmoja kwenye kisanduku chake, mkanda unapita chini unaokota mmoja mmoja kwa zamu. Kisanduku cha saba kikiisha au karatasi ikinasa na mhudumu hajaona, kitabu kinatoka na pengo, kinatiwa gundi mgongoni, kinakatwa kingo, kinapendeza kama wenzie. Wakati mwingine mhudumu kakosea kujaza, unakuta mkunjo wa sita umeingia mara mbili na wa saba haupo. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumbaindia mwanafunzi mmoja ripoti yake kwa mkono, usiku, umeme umekatika natumia tochi ya simu, asubuhi kaichukua kakimbia nayo kwa msimamizi wake. Peji 41 mpaka 56 zimo mara mbili, na sura yake ya matokeo haimo kabisa. Sikuwa na usalama wa taifa nyuma yangu, nilikuwa na usingizi.

Kama huniamini fanya jambo hili. Fungua pale 192 na 225 zinapokutana, taratibu, usiubonyeze mgongo maana gundi ya vitabu hivi ikizeeka inavunjika kama sukari guru, hasa hizi baridi zetu za mwezi wa sita na wa saba. Chungulia chini kabisa kwenye shina. Peji zilizochanwa zinaacha visiki, yani ukanda mwembamba wa karatasi wenye kingo za kuparuka, na hata zikichomoka zote kwenye gundi zinaacha mfereji na peji za jirani zinalegea. Ukikuta 192 na 225 zimekaa zimebanana kama mapacha, gundi imepita bila kukatika, basi hakuna mkono wa mtu uliopita hapo. Na huyo afisa wa usalama wa shemeji yako atakuwa alisomea uchapaji, maana siri yake imeanza na kuisha kwenye hesabu ya 32 bila kuzidi hata peji moja. Tena riwaya kama hizo zinachapwa maelfu kwa maelfu, unaficha siri gani kwa kunyofoa kwenye kopi moja ambayo mwisho wake ni kuuzwa Mwanjelwa?

Kuzipata hizo peji inawezekana. Muulize tena yule kijana, wakati mwingine boksi moja lina kopi mbili za kitabu kimoja. Pita maktaba ya mkoa pale Mbeya, riwaya za zamani za Kiingereza zipo zipo. Kama una bando, Internet Archive wana vitabu vingi vya zamani vilivyoskaniwa, unafungua akaunti bure unaazima kwa saa moja moja, ingawa vingi vimeondolewa baada ya wachapishaji kuwashinda mahakamani. Angalizo moja, usitafute kwa namba ya peji. Chapa nyingine inaweza kuwa na herufi kubwa au ndogo, 193 yako ikawa 170 huko. Tafuta ile sentensi ya mwisho ya 192 yako, endelea kuanzia hapo, ukifika sentensi ya kwanza ya 225 umemaliza.

Penseli nisikupotezee muda. Maneno uliyonitumia baadae kwenye meseji yote ni Kiingereza kigumu kigumu, ya mtu anaesoma na dikshenari pembeni. Kuna mwenzako alikipitia kitabu hicho akijifunza lugha, na kama mistari inapungua kadri unavyoenda mbele basi alijifunza kweli, au alichoka.

Shemeji sasa. Usimcheke. Amekosea kuhusu kitabu ila hajakosea kuhusu zama zile, na ndo maana riwaya hizo ziliuzwa kama maandazi. Wamarekani walishampoteza rais wao Kennedy kwa risasi Novemba 22, 1963, na wengi hawakuamini ripoti ya tume iliyosema muuaji alikuwa mmoja peke yake. Juni 1972 wakakamatwa watu wamevunja ofisi za chama cha upinzani kwenye jengo la Watergate, uzi ukavutwa hadi Rais Nixon akaachia ngazi Agosti 1974. Mwaka uliofuata, huo huo wa 1975 ulioandikwa kwenye kitabu chako, kamati ya Seneti chini ya Frank Church ikawaweka CIA, majasusi wa Marekani, kitimoto, ikatoka ripoti kwamba walipanga kumuua Castro wa Kuba, na kwamba mwaka 1960 walipeleka sumu Kongo kwa ajili ya Lumumba. Sumu haikutumika, Lumumba aliuawa kwa risasi Katanga Januari 17, 1961, Wabelgiji wakiwepo. Hayo sio ya riwaya, yametoka kwa mashahidi walioapa, na ripoti ikachapwa, mtu yeyote anaisoma. Hapo ndo namuomba shemeji atofautishe. Mambo mazito yale yalijulikana kwa kuandikwa na kuhojiwa hadharani, na mwandishi wa riwaya akaokota hofu ya watu akaitungia mhasibu na faili. Wapo waandishi waliowahi kufanya kazi serikalini au jeshini, ni kweli, ila mtu anayejua siri halisi akaitia kwenye riwaya ya bei ya chini ya kusomea kwenye basi, huyo hata mimi nisingempa kazi ya kutunza funguo za choo. Mwambie akisome tu, najua atakipenda, sisi wa rika letu tulikuwa tunapokezana za kijasusi za Kiswahili bwenini hadi zinaisha kwa mafuta ya vidole.

Kuhusu hela, pole. Kwanza 1975 sio zamani kiasi hicho, ni mwaka ambao reli ya TAZARA ilifika Kapiri Mposhi kule Zambia, na reli ile ipo hadi leo. Pili, mwaka ulioandikwa pale ni wa hakimiliki, yani mwaka kazi ilipotoka mara ya kwanza, haukwambii kopi yako imechapwa lini. Geuza peji yenye jina la kitabu uangalie nyuma yake, chini kunaweza kuwa na mstari wa namba, 10 9 8 7 6 hivi. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndo chapa ya ngapi. Ikiwepo 1 ni ya kwanza, ikianzia 14 basi kumi na tatu zilishatangulia. Na lile onyo lenyewe la wizi linanifanya nidhani kopi yako ni ya baadae sana kuliko 1975. Wakusanyaji wa vitabu wanataka toleo la kwanza la kava gumu, likiwa na lile kava la juu la karatasi halijachanika. Kava laini, limechanwa, mkunjo mmoja haupo, kina kuvu. Hakuna atakaekupa hata nauli ya Uyole. Tena kwa pengo lile elfu mbili kijana kakupiga, ilikuwa ya buku.

Sasa harufu, na hapa sitanii. Kuna vitu viwili vinachanganywa sana. Kitabu cha aina hii kikizeeka kinakuwa kahawia na kinatoa harufu tamu tamu kama vanila iliyochanganyika na siki kwa mbali. Hiyo ni karatasi yenyewe inakufa. Imetengenezwa kwa mbao iliyosagwa nzima, ndani imebaki lignini, kile kinachofanya mti usimame, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa inageuka rangi, kama parachichi ulilokata likakaa mezani, nyie wa Rungwe mnalijua hilo kuliko mimi. Juu yake kuna asidi iliyobaki tangu kiwandani, inakata nyuzi za karatasi kidogo kidogo hadi pembe inakatika ukiikunja. Uzee huo hauna tiba nyumbani wala haumdhuru mtoto. Vidoa vidogo vya kahawia kama tone la chai, vilivyolala kwenye karatasi, navyo visikutie presha.

Lakini wewe umesema madoa ya kijivu. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, kwa nje, pangusa doa moja. Likitoka kama vumbi au lina manyoya manyoya, na kitabu kinanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo, hiyo ni kuvu. Kuvu haina uchawi, inataka chakula na unyevu, chakula ni karatasi na gundi, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 hivi inaota. Tukuyu mnanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwenu ukungu upo nje asubuhi na upo kabatini jioni. Vumbi lake likiingia kifuani kwa mtoto wa pumu linaweza kumuamsha usiku kifua kimebana, anatafuta hewa. Ndo maana nilikwambia kitoe kwanza.

Jua acha. Najua kila mama wa Kitanzania dawa yake ya harufu ni jua, kwa godoro sawa, kwa karatasi hii hapana. Mwanga ule ndo unaoichoma lignini, na huku kwetu juu, Mbeya mjini tu ni kama mita 1,700, jua lina makali kuliko pwani hata kama ngozi inasikia baridi. Kaa nalo siku mbili utapata kitabu kilichojikunja kama chapati na gundi imepasuka. Kifanye hivi, siku ambayo haina mvua, kisimamishe wima kivulini nje, peji umezitawanya kama feni, upepo upite. Siku mbili tatu, usiku unakiingiza kwenye bahasha, sio ndani kwa mtoto. Kikishakauka vaa barakoa, simama upepo ukiwa nyuma yako, pangusa kila peji yenye doa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, ukielekea nje ya kitabu. Brashi ioshe na sabuni au itupe. Usipulize jiki, usipake spiriti, usipulize pafyumu, wino na gundi havitakusamehe. Harufu ikibaki, kiweke kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa mkavu kwenye bakuli, visigusane na kitabu, wiki nzima. Itapungua, kuisha kabisa siahidi.

Kama madoa ni meusi au ya kijani na yameenea peji kwa peji, au peji zimeshikana na mbichi, usihangaike, choma nje mbali na nyumba, au fukia. Lakini uchome kwa ajili ya kuvu, sio kwa ajili ya CIA. Na kama mtoto tangu kitabu kiingie anakohoa usiku, kifua kinapiga filimbi au ile dawa yake ya kuvuta mmeanza kuitumia mara nyingi kuliko kawaida, mpeleke hospitali akaonwe, usisubiri kwanza kitabu kikauke. Chunguza na ukuta nyuma ya kabati. Kuvu kuota kwenye kitabu kilichokaa mwezi mmoja tu kwako inawezekana kilikuja nayo, inawezekana pia nyumba inavuja, na hilo la pili ni la fundi ujenzi, mimi siliwezi.

Kikipona, kava tutalitengeneza. Ukitaka mwenyewe, chukua manila ngumu, kata ikizidi kitabu kidogo, kunja upana wa mgongo, paka gundi nyeupe ya maji nyembamba mgongoni tu, bandika, funika na karatasi ya nailoni, weka tofali mbili juu hadi kesho yake. Solotepu usiiguse kabisa. Inapendeza mwaka wa kwanza, wa tatu inageuka njano, inatoa utelezi na kung'oa herufi, nusu ya kazi zangu ni kusafisha solotepu za watu wenye nia njema. Na wale wa stationary wakikwambia watakitoboa wakitie spairo, kimbia, karatasi hiyo ikitobolewa inachanika kama tiketi ya daladala. Mgongo wenyewe ukiwa umeshapasuka vipande viwili hapo usijaribu nyumbani, ulete, natoboa kwa msumari mwembamba nashona kwa uzi halafu ndo natia gundi. Kwa kitabu kama hicho natoza elfu tano, ni zaidi ya ulichonunulia, kwaiyo fikiria kama unakipenda kiasi hicho.

Zile peji 32 ukizipata kwenye mtandao, usiprinti zote. Soma kwanza uone mhasibu alikuta nini kwenye faili, kisha andika kwa mkono muhtasari kwenye karatasi moja tutaibandika hapo katikati, atakaekisoma baada yako asikwame. Njoo nacho kwenye bahasha ya kaki, siku yoyote isipokuwa Alhamisi, Alhamisi huwa niko vyuoni nachukua ripoti. Na usisahau kuniambia kama ulikuta kisiki pale 192, maana nimeshawekeana dau la soda na jirani yangu wa mashine ya kudurufu, yeye yuko upande wa shemeji.